Beji Iliyobaki Kwenye Msumari

Papa wangu,

Jumamosi nilikaa siku nzima kati ya watu wa kazi yako. Tonton Faustin, uliyeshirikiana naye zamu miaka yote ile katika chumba cha radio, kile cha picha za eksirei, aliniombea nafasi ya kugawa maji kwenye kongamano la wapiga picha za hospitali, katika salle, ule ukumbi wa parokia. Nilikubali upesi, kwa sababu nilikuwa na swali na sikujua mtu mwingine wa kuliuliza.

Natakiwa kuchagua seksio, mkondo wa masomo, shuleni. Nataka kemia na biolojia, ili siku moja nifanye kazi yako. Lakini tangu ugonjwa wa damu ukuchukue, Maman anasema ni ile mashine iliyokuua, na hataki kutia saini fomu yangu.

Asubuhi walizungumzia mapafu ya watoto. Kifaransa chao nilikielewa nusu, lakini picha nilizielewa, maana ulinifundisha kwamba hewa ni nyeusi na mfupa ni mweupe. Kisha mama mmoja wa Kavumu akaeleza jinsi wajawazito wanavyomwomba aangalie vizuri kwenye ekografia kama mtoto "iko na pua ya baba yake". Walicheka wote. Umeme ulipokatika, mzee mmoja alitoa filamu za zamani kwenye bahasha, akaziinua dirishani, aendelee kufundisha. Mtu akamtania kutoka nyuma, "Tumerudia teknolojia ya Papa Justin." Kusikia jina lako mbele ya watu wengi hivyo! Nilisimama na chupa zangu, nikatamani uingie umjibu.

Unakumbuka nilivyokuletea chakula hospitalini kutoka nyumbani, kule Kasha? Ulinikalisha mwisho wa korido hadi taa nyekundu izimike. Beji yako, kile kidude cha kupima miali inayoingia mwilini, ilining'inia kwenye msumari nje ya chumba. Nilikuuliza mbona huivai. Ukasema, "Ikipotea, ingine itatoka Kinshasa lini?" Ukanimegea samaki wako, tukaongea mambo ya shule. Sikumwambia mtu.

Mchana daktari mmoja mwanamke alifundisha namna ya kujikinga na miali. Alipouliza kama kuna maulizo, niliweka chupa chini, nikainua mkono. Nikauliza: mtu akiacha beji yake kwenye msumari, mnaweza kujua mwili wake ulipata miali kiasi gani?

Wachache walicheka, halafu kicheko kikakatika. Niliona mikono ikigusa vifua, ikitafuta beji ambazo hazikuwepo. Tonton Faustin aliangalia viatu vyake.

Daktari alinijibu polepole. "Hatuwezi kujua, binti. Hatuwezi kusema ndiyo, hatuwezi kusema hapana."

Nilirudi nyumbani na jibu hilo tu. Ningeweza kumwambia Maman nusu yake, ile nusu ya kunisaidia, kwamba hawawezi kusema ndiyo. Lakini hukunilea hivyo. Nilimkuta anachagua maharage, nikamweleza yote, hata habari ya msumari.

Alitupa pembeni harage moja bovu. Kisha akasema, "Minajua. Ni mimi nilimuambia aiache pale. Ya kwanza ilipopotea, chef wake wa kazi alimugombeza mbele ya wagonjwa, na mimi nilimuonea haya."

Papa, kumbe muda huu wote hakuwa anaikasirikia mashine. Nilikaa karibu naye, tukachagua maharage pamoja, na nikakuhitaji kuliko siku ya mazishi. Wewe ungejua la kumwambia.

Baadaye aliniuliza, "Na chef akikuambia uingie bila beji, utaweza kumukatalia?"

Nikasema nitaweza. Aliniangalia sana, kama anayetafuta kitu usoni mwangu. Saini bado, Papa. Lakini leo asubuhi ameniuliza fomu inarudishwa shuleni siku gani.

Pumzika kwa amani. Nakuwaza kila siku.

Binti yako mkubwa