Nilizika Figo la Mbuzi Badala ya Tezi Yangu

Assalaam aleikum Bi Mapenzi, u hali gani wewe na wa nyumbani? Mimi ni mzima alhamdulillahi, nala, nalala, na swala zangu zote naswali kwa kusimama, ndiyo maana naona haya kukuletea shida, lakini naomba unisaidie. Mwaka jana nilikatwa tezi shingoni ikaonekana ni saratani ya limfu, nikatiwa dawa miezi sita, mamavyaa wangu ndiye aliyeniogesha na kuninywesha uji, na Daktari Caroline akaniomba kile kinyama cha tezi kibaki maabara kwa utafiti, akanieleza, "Mama, maagizo yanayoiambia chembe ya damu iache kuzaana hayakufutika, yamebandikwa alama zikayafunga, nasi twatafuta dawa za kuzibandua," nami nikaona ni kama juzuu iliyolowa mvua kurasa zikagandana, aya zipo ila hazisomeki, nikatia sahihi kwa moyo mkunjufu. Sasa kwetu Mwabungo kinachotoka mwilini huzikwa, ukucha, nywele, seuze tezi, na mamavyaa kila siku akiniuliza iko wapi, nikashindwa kumwambia, nikanunua figo la mbuzi nikalifunga kitambaa cheupe, tukalizika nyuma ya jiko, akaliombea dua mpaka akalia. Tangu hapo huwaambia majirani, "Mwanatumu alipona siku ile tulipozika." Mwisho wa mwezi ataka kunisindikiza kliniki, na daktari kila akiniona hunishukuru kwa kile kinyama. Je, nikakidai tukizike, au nimzuie mama asende? Tafadhali nijibu upesi.

Mwanatumu, Mwabungo

Wa aleikum salaam, Mwanatumu. Nimefurahi u mzima, nimecheka, Mola anisamehe, kisha nikakasirika. Tezi uliitoa kwa hiari yako. Hapo huna kosa. Dawa za kubandua alama hizo zinazotumika ni chache, nyingi zingali zajaribiwa, na hazijaribiwi kwa hewa, zataka vinyama kama hicho. Kosa lako ni kumliza mama wa watu juu ya figo. Usimzuie kwenda, wala usimwombe daktari akufichie. Kama dini yakutia wasiwasi, kamuulize kadhi, na hospitali uwaulize mabaki huenda wapi kazi ikiisha. Lakini kwanza, Ijumaa hii, kaa na mamavyaa jikoni umwambie wewe mwenyewe, kabla hajalisikia kwa daktari mbele ya watu. Atanuna. Mwache anune, ana haki, na usijitetee. Akikuuliza dua yake ilikwenda wapi, mwambie alikuombea wewe, si figo, nawe ndiye huyo uliyekaa mbele yake.