Gunia Lako Halikupasuka

Baba Nasimiyu wangu,

Sitakuuliza hali, maana huko uliko nadhani hakuna anayesumbuliwa na magoti. Mimi yangu bado yananitesa. Siku hizi naishi kwa binti yetu hapa Membley. Nyumba ni nzuri, maji ya moto yapo, na askari wa geti ananisalimia kwa Kizungu ilhali anajua vizuri sitamjibu. Asubuhi Nasimiyu na mumewe wanaondoka na gari, watoto wanaenda shule, nami nabaki na televisheni mpaka jioni. Kule Thika tulizoea mlio wa mashine za kiwanda cha nguo hata tukiwa tunaomba. Hapa nikiangusha kijiko nashtuka mwenyewe.

Ninachokosa zaidi kitakuchekesha. Ni ule ubishi wenu. Kila Jumapili tukitoka kanisani Makongeni, wewe na Gitau mlivuta viti nje ya mlango wetu mkaanza upya: kati ya mabondia wa uzani mzito wa klabu ya kiwanda, ni nani aliyekuwa na ngumi nzito kuliko wote? Wewe ulikuwa upande wa Mukhwana, Mbukusu mwenzako. Gitau, naye bondia, alijitetea mwenyewe bila haya.

"Mukhwana akikupata na ile ya kulia, unaamka ukiuliza leo ni siku gani," ulikuwa ukisema.

"Ai, na hiyo ya kulia inafika saa ngapi? Mimi nikikuweka moja ya mbavu, utatembea umeinama mpaka Krismasi."

Ulikuwa ukiinuka, ukachukua mwiko wangu ukaonyesha namna ngumi ilivyopita. Mkiniuliza niamue, jibu langu lilikuwa lile lile: "Zote ni ngumi. Kunyweni chai, inapoa." Miaka zaidi ya thelathini nilijibu hivyo. Na miaka yote hiyo hukujitaja hata siku moja, nawe ulikuwa bondia wa uzani mzito kama wao, wa tatu katika klabu.

Sasa nikae vizuri nikueleze, maana ni mimi niliyekunyamazisha.

Unakumbuka nilikuwa sehemu ya kufunga marobota, nikishona kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia. Kwa sababu hiyo kocha alinipa kazi ya kutunza magunia yenu ya mazoezi, yale ya turubai tuliyojaza mabaki ya pamba. Ninyi watatu kila mmoja alikuwa na lake, herufi ya jina imepakwa rangi, maana mliharibu ya wale wepesi. Kila Jumatatu baada ya kazi niliyafungua, nikalegeza pamba, nikashona palipopasuka. Kocha naye alikuwa na kipimo chake. Akitaka kujua nani ana nguvu, hakuangalia mtu, aliangalia turubai. Gunia lililopasuka ndilo lililopigwa. Klabu nzima iliamini hivyo, hata wewe.

Lakini aliyeshona ni mimi. La Mukhwana lilipasuka kila wiki kwa sababu ngumi yake iliteleza ikakwaruza kitambaa. La Gitau lilifumuka chini, kwa zile zake za mbavu. Lako halikuwa na mkwaruzo. Ngumi yako iliingia moja kwa moja na kurudi. Ila nikitia mkono ndani, pamba ya usawa wa kifua ilikuwa imeshindiliwa ikawa ngumu kama mche wa sabuni. Shazia ilikataa kupenya. Niliitoa kwa vidole, kipande kwa kipande, na siku nyingine kucha zikavunjika. Katika magunia yao sikuwahi kukuta kitu cha namna hiyo.

Halafu likaja lile shindano la Kisumu, na klabu ilikuwa na nafasi mbili tu za uzani mzito. Kocha akanijia nikiwa nimekaa sakafuni na magunia yenu.

"Mama, la Wafula likoje?"

Tumbo langu lilikuwa la miezi saba. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimemwona bondia wa kiwanda kingine amekaa kwenye benchi la hospitali, kijana mzima, akimuuliza mama yake mzazi, "Wewe ni nani?" Yule mama alimtajia jina lake taratibu, kijana akauliza tena, mama akamjibu tena. Nilikuwa na kile kipande cha pamba yako mkononi. Nikakiweka chini ya kanga.

"Halina kitu," nikasema.

Ulirudi nyumbani ukala ugali wako wote. Ukaniambia, "Kocha anasema mkono wangu ni mwepesi," ukacheka kidogo ukiangalia viganja vyako. Wiki iliyofuata ukaomba kazi ya kugonga kengele ya raundi, na hukuvaa glavu tena.

Mukhwana na Gitau walienda Kisumu; Mukhwana akashinda, akaendelea kupigana miaka mingi. Mwisho wake unaujua kuliko mimi, maana wewe ndiwe uliyekuwa ukimnyoa ndevu wakati mkewe anamshika kichwa kisitikisike. Kila ulipotoka kwake nilikutilia chai nikikuangalia unavyoshika kikombe bila kutetemeka. Nilimshukuru Mungu na kuona aibu kwa wakati mmoja.

Mwezi uliopita Gitau aliniita Kamakis, pale kijana wake anapochoma nyama. Alikuwa amekonda sana. Tulikaa mchana, akaisukuma sahani kwangu kwa sababu meno yake hayakuweza tena. Nikamchokoza ili achangamke. Nikamwambia kwamba wewe ulisema mpaka kufa kuwa Mukhwana alimzidi. Hakucheka.

"Mama Nasimiyu, wacha nikuambie ukweli. Ule mtu alikuwa anagonga ni bwana yako. Mimi na Mukhwana tulikuwa tunamhepa. Tukiambiwa tuingie na yeye ulingoni, huyu anasema mkono unauma, huyu anasema ni tumbo."

"Na mbona hamkusema?"

"Kocha hakuuliza sisi. Aliuliza gunia. Na sisi tulikuwa tunataka kwenda Kisumu."

"Yeye alijua?"

"Angejua, angekaa akibishana juu yetu miaka yote hiyo?"

Nilitaka kumwambia langu, lakini kijana wake akaja kumshika mkono ampeleke kulala. Nikasema nitarudi. Juma lililopita tumemzika kwao Gatundu. Watu wengi walisimama kumsifu, wakataja shamba, kanisa na wajukuu, na hakuna aliyetaja kwamba aliwahi kuvaa glavu.

Nimewaza sana tangu siku hiyo. Sikuandikii kuomba msamaha kwa neno nililomwambia kocha. Angeniuliza leo, tumbo likiwa vile, ningejibu vile vile. Ulinitambua mpaka asubuhi ya mwisho, ukaniita kwa jina langu, na hilo silirudishi kwa mtu. Kosa langu ni Jumapili zilizofuata. Hatari ilishapita, wewe umezeeka, mwiko uko mkononi, unawasifu wanaume wawili waliokuogopa. Ningeweza kusema sentensi moja tu. Niliogopa utanikasirikia, nikakuacha ukajiona mnyonge mpaka ukaingia kaburini.

Basi naisema leo, na sebule hii haina mtu. Mkono wako ndio uliokuwa mzito kuliko wote, Wafula. Nimeisema kwa sauti, nikangoja kama mjinga. Hakuna hata mmoja aliyebaki wa kunibishia.

Ni mimi mkeo,
Mama Nasimiyu