Mabonge ya Bibi Candiru

Annet, babu Afedra ametuaibisha leo hapa Aroi!

Tuko kwenye maombi ya kumkumbuka bibi. Wamempa maikrofoni amsifu mkewe, wakwe wote wa Koboko wamekaa mbele. Unajua alisema nini?

"Candiru alikuwa mama muzuri, lakini ugali yake iko na mabonge. Toka nimemuoa, mabonge tu!"

Mabonge, Annet! Mbele ya wakwe! Mama alitamani ardhi immeze.

Chakula kikaja. Shangazi Daniella alikuwa amesonga ugali wa muhogo, laini kabisa. Babu akamega tonge, akalibonyeza, akalibonyeza tena, kisha akalirudisha kwenye sahani.

"Mabonge yake iko wapi?"



Sasa hivi shangazi yuko jikoni, anasonga mwingine. Anausonga vibaya makusudi, huku analia.