Sufuri Nilizozionea Huruma

Jumatatu, 3 Machi

Saa tatu asubuhi nimepima mvua. Kopo kavu. Nimeandika sufuri. Siku hizi naiandika bila taabu — zamani, thubutu!

Mjukuu wangu amekuja kutoka ofisi ya maji na kompyuta yake. Anakokotoa mvua ya kila mwaka, miaka thelathini na moja, wajue bwawa jipya la mji liwe kubwa kiasi gani. Anasema rekodi za wapimaji wengine zina mapengo kama kinywa changu. Mtovu wa adabu! "Lakini zako, mke mwenzangu, hazina pengo hata la siku moja." Nikamwambia anyamaze ale. Mimi nikaisukuma sahani yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza mwaka mbaya kuliko yote ni upi. Akanionyesha vijiti kwenye kioo cha kompyuta, virefu na vifupi, kila kimoja mvua ya mwaka mmoja. Kumbe kompyuta inatazama miaka iliyopita, kisha inakisia ukame mkali utarudi kila baada ya miaka mingapi. Mwaka ule ng'ombe walipokufa, visima vikatoa tope — kijiti chake kirefu kama vya jirani zake!

Nikamwambia kijiji kizima kinaukumbuka ukame ule.

"Labda mnatia chumvi, Bibi. Mvua ilikuwepo, hii hapa kwa mkono wako."

Kwa mkono wangu. Ndiyo.

Miaka hiyo karani aliyekuwa akija kuchukua karatasi alinikejeli: mama, sufuri tupu, unapima au unalala? Akasema wakubwa watampa kopo mtu mwingine. Na mimi darasa sijalikanyaga. Namba nilijifunza kwa ajili ya kopo lile, herufi zikafuata. Ninyang'anywe? Basi nikaanza kutia milimita mbili hapa, nne pale. Nikaionea huruma karatasi! Misimu mitatu.

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu imefika hadi bwawani.

Jumatano, 5 Machi

Sikusema. Nimemfokea kwa sababu ya sufuria isiyo na kosa. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesema. Alikuwa anafunga mkoba, kesho asubuhi anawasomea wakubwa hesabu zake. Nimesema yote, nimesimama, kama mwizi wa kuku.

Hakupiga kelele. Bora angepiga! Ameuliza tu kama najua watu wangapi watakunywa maji ya bwawa hilo. Elfu arobaini. Halafu akasema polepole, "Na mimi nimewaambia wote, kama hamwamini kipimo chochote, aminini cha bibi yangu."

Nikataka kumshika. Akasogea mbali.

Baadaye akatoa mkobani karatasi zangu za zamani, akanipa kalamu nyekundu. Niweke alama kila siku niliyodanganya. Za kweli bado zinafaa, anasema. Za uongo atazifuta, aseme wazi hazipo. Mtoto huyu! Ningekuwa yeye, ningemfukuza bibi huyu.

Tukaanza. Hii uongo. Hii uongo. Hii kweli — mama yake alikuwa anaumwa uchungu wake yeye, paa linavuja, namkumbuka fundi aliyekuja kuliziba. Hii uongo. Kila alama anavuta pumzi, haniangalii.

Sasa ameenda kuchemsha chai, naandika haraka. Nimekwama mwezi wa nne, tarehe kumi na moja. Imeandikwa nne. Mwandiko wangu, wino uleule. Ilinyesha? Nafumba macho, sioni mvua, sioni jua. Na chini yake zipo nyingine ishirini, nisizojua kama ni kweli au uongo.

Namsikia anarudi na vikombe. Ananiuliza tumefika wapi, Bibi —