Mkutubi Wodini

Jumatatu, 4 Machi
Maktaba ya chuo cha tiba ilikuwa kimya leo, kimya kile kitamu. Feni zinazunguka, jua limejilaza juu ya majarida ya mifupa, wanafunzi wawili wamesinzia juu ya vitabu vya moyo. Nikawa naelea tu. Miaka yote hii napanga magonjwa kwenye rafu kama vyombo kabatini — na mgonjwa mwenyewe simjui!

Mara akaja Daktari Bingwa wa mishipa ya fahamu. Anataka nifuatane nao kwenye raundi wodini, niwe nawatafutia utafiti papo hapo. Chuo kimeshakubali. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Mama kacheka sana kwenye simu. Alitaka nisome udaktari, nikamletea ukutubi; sasa eti nimeingilia mlango wa uani.

Jumatano, 6 Machi
Raundi ya kwanza. Koti jeupe la kuazima, mikono imepita vidole. Kitanda cha dirishani yuko fundi cherehani, mtu mzima. Mikono yake inalegea siku hadi siku, hajui kwa nini. Wodi nzima inamwita Mama Mishono. Akaniuliza mimi daktari wa nini. Wa vitabu, nikasema. Akacheka mpaka nesi akageuka.

"Mwanangu, nani kakukatia hili koti? Lete nilipinde."

Halafu akavitazama vidole vyake.

Alhamisi, 7 Machi
Vipimo vya Mama Mishono vimetoka. Daktari Bingwa kanipa jina la ugonjwa, nikatafuta mchana kutwa. Kila makala inateremka kulekule: mikono, kisha miguu, kisha pumzi. Dawa ya kupunguza kasi ya ugonjwa ipo. Ya kuponya, hakuna. Zamani mambo kama haya nilikuwa nayasoma huku nakunywa chai. Leo chai imepoa mezani.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika kando ya kitanda chake. Nimeleta makala, Daktari Bingwa kakwama kikaoni. Mama Mishono akaziona. Zinamhusu yeye? Ndiyo. Zina mabaya? Kueleza si kazi yangu, najua. Lakini kusema hapana — ulimi uligoma. Nikamwambia yapo, daktari atamweleza yote, nami sibanduki hapa.

Hakulia. Alitazama dirishani, pazia likijaa upepo na kunywea, likijaa na kunywea. Akauliza kama na mimi naona lilivyoshonwa vibaya. Tukalitazama wote wawili. Ilikuwa kama tuko ndani ya maji.

Sasa Daktari Bingwa yuko mlangoni, anaongea na nesi. Kiti ni kimoja. Nimenyanyuka nimwachie — Mama Mishono kanishika kwa nguvu zake zote, nazo ni kidogo. Anasema nikae, kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni. Yeye asimame, ana miguu!

Nimekaa. Anakuja —