Nilichomficha Bibi Kuhusu Gego Lake

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumatano, tarehe 12

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Kifua chako kimepoa, au baridi ya huko bado inakusumbua? Sisi wazima, ila Bibi hawezi kula vizuri, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Lile gego lake la mwisho la kutafunia, alilokuwa akiliita Askari, liling'olewa juzi na daktari mwingine. Sasa akicheka anaziba mdomo kwa kitambaa. Bibi yuleyule ambaye kicheko chake kilisikika hadi kwa majirani!

Anamlaumu daktari wa meno aliyeliziba mwanzo. Lakini kosa ni langu, na hakuna anayejua.

Nilimsindikiza siku ya kuzibwa jino hilo, maana daktari hajui Kiswahili na lugha yake mimi naisoma shuleni. Alieleza taratibu kabisa: amekwangua uozo wa juu tu, wa ndani, karibu na mshipa, ameuacha makusudi. Juu yake ameweka simenti yenye zinki, inayopambana na vijidudu na kulisaidia jino kurudisha madini yake, liwe gumu tena. Kwa hiyo asitafunie upande ule miezi mitatu, kisha arudi.

"Anasemaje?" Bibi akauliza. "Nimesikia simenti. Mwambie mimi si ukuta!"

Watu wote waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Nikatamani ardhi inimeze. Ningemwambia kaachiwa uozo mdomoni, sauti yake ingefika barabarani. Nikasema, "Limepona, Bibi. Twende."

Wiki ya tatu akatafuna mfupa. Simenti ikapasuka, na jino nalo. Nilikuwa pale mezani, niliusikia ule mlio. Niliendelea kula.

Ijumaa anarudi kwa daktari kumwambia usoni kwamba ni mwongo, na mdomo wa kumwambia ni wangu. Anayafanyia mazoezi maneno yake jikoni. "Usipunguze hata neno, mjukuu wangu," ananiambia. "Bila wewe mimi bubu." Mara mbili nimetaka kusema, mara mbili nikaomba chumvi.

Nisalimie Baba Mdogo na wale mapacha, waambie wapige mswaki. Mungu akuepushe na maumivu ya jino na ya moyo.

Bibi ananiita nimsomee barua hii kabla sijaifunga, kama kawaida yetu. Ikikufikia, ujue sikupunguza hata neno.

Mwanao akupendaye, mwenye aibu zake,
Kimya