Chungu Nilichokikana

Mwikali mwanangu,

Mwaka mzima umeisha na hujanitembelea vya maana. Jirani yetu Mama Ndinda, marehemu mumewe humjia ndotoni, hata alimwonyesha mbuzi wake alikopotelea. Wewe umenijia mara mbili, ukasimama mlangoni, ukanyamaza, ukaenda zako. Ni tabia gani hiyo? Sikukufundisha kupita kwangu bila kusema neno.

Naandika mwenyewe. Ni herufi za ngumbaru, zimeinama kama ng'ombe wa kiangazi. Vumilia.

Kimchi yako, ile kabeji ya Kikorea ya kuchachusha, imenishinda. Mdomo wangu bado unaiita kimusi, cheka tu. Chungu cha kwanza kilioza. Cha pili nilitia chumvi kama mtu anayekausha ngozi. Cha tatu nilikisahau juani. Kabeji nimenunua sokoni Matiliku mpaka muuzaji akaniuliza kama siku hizi nafuga sungura. Pilipili naponda, tangawizi, saumu, omena kidogo, yote kama ulivyokuwa ukifanya. Halafu mtoto wako Kasyoka anaonja, anaweka kijiko chini pole pole na kuniambia mimi bibi yake, "Susu, ni nzuri, lakini si ya mama." Afadhali angetema.

Nakumbuka uliponipeleka Nairobi, kwa hoteli ya yule mama Mkorea uliyempikia miaka sita. Mliniwekea visahani kumi vya vitu vidogo vidogo, nikauliza chakula chenyewe kinakuja lini. Nyama mlikata kwa makasi kama mafundi wa nguo. Vijiti vyao vya kulia chakula vilinikataa, nikala kwa mkono, na yule mama akaweka vyake chini akala kwa mkono pia. Nilishiba mpaka nikaona haya.

Hiyo haya ndiyo imeniharibia, Mwikali.

Ile safari ya Mombasa, basi liliposimama Mtito Andei, ulifungua mkebe wako hotelini ukamwaga kimchi juu ya ugali na nyama ya mbuzi. Dereva wa lori akauliza kwa sauti nani amevua viatu. Mimi nikaangalia ukutani kama sikujui. Wewe ukamwambia, "Ni mimi, kaka. Leta sahani." Akala. Akaongezwa.

Sasa nikuambie. Ulipougua ile homa ulikuwa umeacha chungu nyuma ya jikoni, umekizika, jiwe juu, kiive. Siku ya pili baada ya mazishi yako wanawake wa kanisa walikuja kunifagilia boma, ufagio ukagonga jiwe. Chungu kilichofichwa ardhini kwa nyumba yenye msiba! Unajua sisi Wakamba tunawaza nini. Mtu akanong'ona kithitu, ile laana ya kiapo, kwamba ndicho kimekumaliza. Hakuna aliyetaka kukigusa. Mzee wa kanisa akaitwa aombe, na alipomaliza akanigeukia mbele ya wote. "Mama Mwikali, unakijua hiki chungu?"

Harufu yake nilikuwa nimeshaijua. Hata lile jiwe ni mimi niliyekuletea.

Nikasema, "Sikijui."

Niliona haya kuwaambia watu nakula kabeji iliyochacha. Basi. Ni hiyo tu. Wakakifukua kwa jembe, wakamwaga chooni, wakakivunja wakiimba. Kilikuwa cha mwisho kutoka mkononi mwako, na mimi ningekila kijiko kwa kijiko. Mpaka leo kuna watu sokoni wanaosema ulikufa kwa kithitu, na Kasyoka ana masikio.

Jumapili iliyopita, wakati wa ushuhuda, nilisimama nikawaambia kile chungu kilikuwa na nini, na kwamba nilikijua. Wengine walicheka. Mzee wa kanisa hakucheka, aliangalia viatu vyake. Jumatatu nikazika kingine. Safari hii si nyuma ya jikoni. Nimekiweka mbele, kando ya mlango, kila mgeni ajikwae. Nimewaalika wote waje wale kikiiva, na chumvi bado sijaiweza! Ona mahali umeniacha.

Lala salama, mwanangu. Nakuahidi chungu hiki hakuna atakayekivunja nikiwa hai, na Kasyoka atakua akijua mama yake aliuawa na homa, si na kithitu.

Lakini ukija tena, usisimame hapo mlangoni kama mgeni. Chungu kiko mguuni pako. Inama, ondoa jiwe, onja. Kama ni mbaya, sema ni mbaya. Mimi sitaangalia ukutani.